Fundi wa Pampu na Watu Wake

Kila aliyemsalimia Fundi wa pampu alimalizia salamu kwa swali lile lile: kwenu utarudi lini? Walimuuliza sokoni Nachingwea akichagua vitunguu. Walimuuliza nje ya msikiti akitafuta viatu vyake. Walimuuliza kijijini Kiegei, mikono yake ikiwa imejaa grisi hadi kwenye viwiko, na kijiji kizima kimepanga ndoo kinamsubiri yeye. Sijui ni adabu ya namna gani, kumwuliza mtu anayekupa maji ataondoka lini, lakini sisi tulikuwa nayo na tuliiita ukarimu.

Yeye alijibu, "Nikimaliza pampu hii." Watu wakacheka. Walilicheka jibu hilo kwa miaka kumi na kitu, na sikumsikia hata mmoja akijiuliza kwa nini halibadiliki.

Alikuwa Mturuki. Alikuja mwanzoni mwa miaka ya tisini na kampuni ya kuchimba visima. Kampuni ikafungasha mitambo yake ikaondoka, yeye akabaki na sanduku la spana na baiskeli. Alizaliwa wapi na kwa nani sitaandika, kwa sababu sikuwahi kumwuliza. Nilichomwuliza mimi, kama wenzangu, ni atarudi lini.

Hata jina la kumwita lilitushinda. Vijijini alikuwa Mzungu, mjini alikuwa Mwarabu, na kuna duka moja la vipuri walimwita Mhindi wa visima. Alisahihisha kila mara, bila kuchoka, kama anavyosahihisha mwalimu wa darasa la kwanza. Siku moja kijijini Naipingo mzee mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kuelewa, kisha akamwuliza: "Sawa bwana, Mturuki. Sasa ni Mturuki wa Kizungu au wa Kiarabu?"

Fundi alifikiri kidogo. "Wa Naipingo," akasema.

Yule mzee alicheka mpaka akakohoa. Hadithi ilizunguka wilaya nzima kama kichekesho, na mimi nimewahi kuisimulia mezani Dar es Salaam watu wakagonga meza kwa kicheko. Ilinichukua miaka kugundua kwamba mtu yule hakuwa anatania.

Alikuwa na haki ya kusema wa Naipingo, maana ndiko alikooa. Kwetu huku ukoo unafuata mama, na mwanamume akioa huenda kukaa kwa mkewe. Watoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Kwa hiyo kila mume ni mgeni katika ua wa wakwe zake, awe Mmwera, Mmakua au Myao. Tofauti ni kwamba mume aliyetoka Kiegei akichoka kuchongewa na mama mkwe, hupanda baiskeli asubuhi na mchana anakula kwa dada zake. Fundi akichoka, alikwenda kukaa kwenye pampu.

Na pampu alizijua. Alipofika kijijini hakugusa kitu kwanza. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye bomba, akamwambia mwanamke yeyote aliyekuwa karibu apige mpini mara tano, polepole. Akisikia alichosikia, alisimama akasema ugonjwa kabla hajafungua hata nati moja. Hakupenda neno kufa. Wajumbe walipomwambia pampu imekufa alikasirika kabisa. "Pampu haifi. Pampu inachoka. Nyinyi mnaipiga kama punda." Vipuri havikuwepo, na vilivyokuwepo vilikuwa Dar es Salaam. Kwa hiyo alikata mipira ya ndani ya pampu kwa kisu kutoka kwenye tairi kuukuu, akaipima kwa jicho, akaisugua kwa jiwe mpaka ikaingia. Nimekunywa maji yaliyopandishwa na tairi la lori. Yalikuwa matamu.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Angechukia, na isingekuwa kweli. Alikuwa mgomvi. Aliwafokea kina mama kwa kupiga mpini haraka, akawafokea wenyeviti kwa kutozungushia kisima uzio, akamfokea mbuzi. Msimu wa korosho alikunywa uraka, ile pombe ya mabibo, tena alikunywa vizuri, na akiulizwa alisema haya ni matunda tu. Kisha alitawadha akaenda kuswali, na ukimtazama usoni ungeona anaamini yote mawili.

Lipo na hili, ambalo sikulipenda. Watu waliovuka kutoka Msumbiji aliwaita wa kuja. Pampu ya Nkowe, upande wa Ruangwa, ilikuwa chini ya uangalizi wa mama mmoja wa Kimakonde aliyevuka Ruvuma wakati wa vita vya kwao akiwa na mtoto mgongoni. Fundi na mama huyo waligombana miaka yote. Mama alisema Fundi anabania grisi, Fundi alisema mama anaila grisi. Siku moja Fundi aliniambia, kwa uchungu wa mwenyeji halisi, "Mwalimu, hawa wa kuja hawajui kutunza kitu." Nilimtazama. Naye akanitazama. Akachukua spana yake akaanza kufunga nati iliyokwisha kufungwa.

Msikitini nako hakusalimika. Imamu akimaliza kusoma Alhamdu, sisi huitikia amina kwa sauti mpaka paa linatetemeka. Fundi, kwa namna walivyomfundisha kwao, aliitikia moyoni. Mdomo wake haukucheza. Waliokuwa wakisimama jirani naye wakapeleka habari: yule Mwarabu haitikii amina. Minong'ono ikakua hadi ikawa kwamba hajui Alhamdu, kisha kwamba hata kusilimu hajasilimu. Maskini alikuwa akiswali tangu utoto wake, na akaitwa barazani kuulizwa kama yuko tayari kutamka shahada. Akatamka. Alipotoka nje nilimkuta amekaa kwenye ngazi, akisugua goti. Nikamwambia wasamehe, hawakusoma. Akanijibu kwamba hao hawamsumbui. Waliosoma ndio aliotegemea waseme neno.

Mimi nilikuwa mle ndani. Nilisoma. Sikusema neno.

Nifafanue kusoma kwangu, kwa sababu ndiko aibu yangu ilikolala. Nilifundisha sekondari hapa Nachingwea miaka kadhaa, kisha nikapata nafasi ya kurudi chuo kikuu kwa shahada ya pili. Nikaandika tasnifu juu ya wahamiaji na namna wanavyopokelewa ugenini. Sura mbili nzima zilihusu Waturuki wa Berlin. Nilikaa maktaba miezi mingi nikisoma jinsi walivyoitwa kufanya kazi viwandani, jinsi walivyohesabiwa wageni hata watoto wao walipozaliwa huko, jinsi majirani walivyokula mikate yao na bado wakawauliza watarudi lini. Nilikasirika sana kwa niaba yao. Profesa aliandika pembeni kwamba hasira yangu imezidi kidogo kwa kazi ya kitaaluma. Nilisafiri kwa kalamu hadi Ulaya kumtafuta Mturuki, na Mturuki alikuwa nyumbani anatengeneza pampu anayochotea maji mama yangu.

Likizo moja nikamsomea kurasa chache, nikijiona nimemletea zawadi. Tulikuwa uani kwake Naipingo, tukinywa chai yake nyeusi kwenye glasi ndogo, chai ambayo mkewe aliiita dawa ya minyoo. Alisikiliza kwa makini. Kumbe kaka yake mwenyewe alikuwa huko Ujerumani, kiwandani, tangu ujana. Akanieleza kwamba kaka huyo akiwa kule anaitwa Mturuki, na akienda kwao kwa mapumziko anaitwa Mjerumani. Ameishi maisha mawili, yote kwa watu.

"Mimi nilimcheka," akasema. "Nikamwandikia, njoo huku. Huku watu wazuri."

Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Wazuri wapi, wakati mtendaji mpaka leo kakuandika kwenye ukurasa wa wageni."

Hilo lilikuwa kweli, na nikilikumbuka damu inanichemka. Mtendaji wa kijiji alikuwa na daftari la wakazi. Nyuma ya daftari kulikuwa na ukurasa wa wageni: mfanyabiashara aliyelala siku tatu, mganga wa kupita, dereva aliyeharibikiwa gari. Na jina la Fundi, mwaka baada ya mwaka, likinakiliwa upya kwa mwandiko mzuri. Kila alipokwenda kwenye ofisi za mjini kwa ajili ya kibali chake cha kuishi, waliomba barua ya kijiji, na barua ya kijiji ilisema ni mgeni. Akirudi kijijini, walimwambia hawawezi kumhamisha ukurasa mpaka ofisi za mjini ziseme. Karani mmoja alimwuliza hasa amebaki kufanya nini nchini. Karani huyo alikuwa na glasi ya maji mezani.

Aliniomba nimwandikie barua ya kumdhamini. Nilikubali. Nikasema niiandike vizuri, kwa lugha ya kisheria, nitafute vifungu. Nilivitafuta mpaka likizo ikaisha.

Kisha mkewe akafa. Homa ya siku nne, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimekuja kumwona mama, nikawahi mazishi na nikakaa mpaka arobaini.

Lazima nieleze desturi, kwa maana ndipo mambo yote yalipofikia. Kwa Naipingo ya wakati ule, mume akifiwa na mke, hakai pale maisha. Arobaini ikishapita, wakwe humuaga mbele ya watu na kumkabidhi kwa watu wake, ili isisemwe kwamba alifukuzwa, wala isisemwe kwamba bado amefungwa na msiba. Watu wake huja siku hiyo, humpokea, huondoka naye. Nyumba hubaki kwa ukoo wa mke, na watoto vilevile. Ni desturi yenye heshima. Nimewahi kuisifu kwa maandishi, nikisema inampa mfiwa mwanzo mpya. Niliandika hivyo nikiwa Dar es Salaam, ambako hakuna wa kunikabidhi kwa yeyote.

Tulikaa kwenye mikeka, kisomo kimekwisha, pilau imeliwa. Mjomba wa marehemu akasimama. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza kwa upole, akamshukuru mkwe kwa miaka yake, kwa bati la nyumba, kwa kisima cha uani. Akasema binti yao, aliyekuwa na miaka tisa hivi, yuko mikononi mwa bibi yake na hatapata shida. Kisha akasema, "Mkwe wetu amemaliza kazi. Sisi tunamkabidhi kwa mikono miwili. Watu wake wako wapi?"

Hakuna aliyesimama.

Fundi alikuwa amevaa kanzu aliyoshonewa na mkewe, fupi kidogo miguuni. Nadhani alidhani ni maneno tu, kama salamu, kwamba yatapita na jioni atapika chai. Alipoona kimya kinakaa, aliinua kichwa akaanza kututazama mmoja mmoja. Watu wa msikitini. Mwenyekiti. Mzee aliyemwuliza ni wa Kizungu au wa Kiarabu. Macho yalifika kwangu yakasimama. Miaka yote nilikuwa nikimwita ndugu yangu. Kila barua niliyomtumia kutoka chuoni ilianza hivyo, Ndugu yangu mpendwa.

Niliangalia kandambili zangu. Kamba moja ilikuwa karibu kukatika, nikaichunguza kwa umakini ambao sijawahi kuutumia kwa tasnifu. Nilikuwa na sababu. Kumpokea mtu ni kumchukua, kumpa pa kulala, kumsimamia akiugua, akishitakiwa, akitaka kuoa tena. Mimi naishi chumba cha kupanga Dar es Salaam. Na pia, niseme lililo kweli, niliogopa kuchekwa. Mtu mzima na digrii mbili, nisimame niseme huyu mweupe ni wa kwetu?

Mjomba akarudia swali, sauti imeshuka. Mtu mmoja nyuma akasema labda serikali ndiyo watu wake. Wachache wakacheka.

"Nipeni mimi."

Alikuwa yule mama wa Nkowe. Alikuja na lori la asubuhi kuhani, akakaa mwishoni kabisa na wanawake, na nguo ya kichwani ameishika mdomoni kama wanavyofanya akina mama wakiwa na la kusema. Akasimama, akapita katikati ya wanaume bila kuomba njia.

Mwenyekiti akamwambia kwa heshima kwamba jambo hili ni la ndugu. "Wewe mama ni Mmakonde. Undugu wenu umetokea wapi?"

"Nimekaa huku tangu huyu binti yangu mkubwa hana meno," akasema, "na bado mnaniuliza narudi lini Msumbiji. Yeye naye mnamwuliza. Watu mnaowauliza swali moja, mmewafanya nyinyi wenyewe kuwa ndugu. Basi nipeni kaka yangu, niondoke, lori halinisubiri."

Mjomba akachukua mkono wa Fundi akauweka kwenye mkono wa mama yule. Hivyo ndivyo ilivyofanyika. Fundi alitoka kwenye ua alioujenga kwa mikono yake, na kisima alichokichimba mwenyewe nyuma yake, amebeba sanduku la spana. Binti yake alimfuata mpaka barabarani, bibi akamwita arudi. Lori lilikuwa limeshaondoka. Mimi nilikuwa na safari ya kesho yake, nikawahi kulala.

Watu wa Naipingo wana hadithi yao. Wanasema desturi ilitimizwa na kila mtu aliridhika. Pampu yao ilipoharibika miezi mitatu baadaye walituma mtu Nkowe, na Fundi akaja, akaitengeneza, akanywa maji, akarudi. Wanasimulia hili kama ushahidi kwamba hakukuwa na kinyongo. Mimi nikilisikia natamani kutupa kiti. Mtu mmemtoa kwenye nyumba yake na bado mnamshukuru kwa kutokuwa na kinyongo!

Nilimwona mara ya mwisho miaka sita au saba baadaye. Mtoto wa dada yangu alipata mchumba Nkowe, na kwa kuwa mjomba ndiye msemaji, mimi ndiye niliyepaswa kwenda kumposea. Nikafunga safari kutoka Dar es Salaam, nikavaa koti. Mdogo wangu, ambaye aliishia darasa la saba na anaendesha bodaboda Nachingwea, alinipakia. Nilipofika uani nikamwacha nje na pikipiki yake, nikaingia na hotuba yangu kichwani, yenye methali tatu.

Mchumba alikuwa binti mdogo wa mama yule wa Kimakonde. Na binti anaposwa kwa mjomba wake.

Alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, nywele nyeupe zote, kandambili miguuni, sanduku la spana ukutani. Mama alikaa pembeni yake. Vijana wawili wa nyumba ile walimwamkia "Shikamoo mjomba" wakipita, naye akaitikia bila kugeuka, kama mtu aliyeitikia mara elfu. Kwenye daftari la kijiji, nilisikia baadaye, alikuwa bado ukurasa wa nyuma. Lakini hapakuwa na mtu Nkowe aliyeoa katika ua ule bila kupita mbele yake.

Nilisema yangu. Methali moja niliikosea. Aliniacha nimalize, kisha akauliza mambo ya kijana: anafanya kazi gani, anakunywa, amewahi kumpiga mtu. Nikajibu. Akamwuliza dada yake, yaani yule mama, kama ameridhika. Mama akasema kijana hana neno.

"Sisi tumekubali," Fundi akasema. Nikaanza kushukuru. Akainua mkono. "Bado. Kijana atakuja kukaa hapa kwetu. Siku akipata shida, akiugua, akifiwa, nitatafuta watu wake. Nani atasimama?"

"Mimi mjomba wake," nikasema.

Alinitazama. Haikuwa hasira. Aliwahi kulitazama hivyo bomba moja la Kiegei aliloamua halifungiki tena.

"Mwalimu, wewe nakujua," akasema. "Karibu chai, karibu kila siku. Lakini kwa kusimama, nipe mtu mwingine."

Nikamwambia kwa upande wa mama wa kijana hatuna mwanamume mwingine aliyekuja.

"Na yule wa pikipiki?"

"Yule ni mdogo wangu. Hakuja kuongea, alinileta tu."

"Siku ile ya Naipingo alinisukumia baiskeli," akasema Fundi. "Mimi na dada tulitembea mbele, yeye nyuma na mabomba yangu, mpaka hapa. Tulifika miguu imevimba. Hakusema kitu, alikunywa maji akarudi."

Sikujua. Miaka yote ile hakuwahi kuniambia, na mimi sikuwahi kumwuliza alikuwa wapi siku ile.

Mama akamwita. Mdogo wangu akaingia, akavua kofia ya pikipiki, akaamkia kwa magoti yaliyokunjwa kama tulivyofundishwa na mama. Fundi akamwonyesha kiti nilichokuwa nimekalia. Nikasimama nikampisha, nikatoka nje kulinda pikipiki.